Soko la kale la Ujiji: lilizama, au liliachwa nchi kavu?

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa darasa la tano, hapa hapa Ujiji. Marehemu bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba soko la zamani, lile la enzi za misafara, "lilimezwa na ziwa". Mwaka huu nimewapeleka watoto pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, tukaambiwa kinyume chake: zamani maji yalifika karibu na ule mwembe, halafu ziwa likarudi nyuma. Mtoto mmoja akaniuliza mbele ya wenzake, "Sasa mwalimu, ziwa lilikuja au liliondoka?" Sikuwa na la kumjibu. Nani mkweli? Soko lenyewe lilikuwa wapi, na je, naweza kuwaonyesha watoto mahali pake?

JIBU

Marahaba, mwalimu. Kwanza mpe huyo mtoto penseli mpya, maana ameuliza swali ambalo watu wazima wengi wamepita juu yake bila kulitazama. Ziwa lilikuja, kisha likaondoka. Bibi yako kasema kweli, na mwongozaji wa pale kwenye kumbukumbu naye kasema kweli. Kila mmoja kashika nusu ya kisa kilichotokea ndani ya umri wa mtu mmoja. Soko lilizama. Baadaye mahali pake pakaibuka, na leo ni nchi kavu, chini ya nyumba na viwanja vya watu. Lakini lilipoibuka, watu walikwisha kuhamishia biashara yao pengine.

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo watafutaji wengi wanapopotea. Katika maandishi ya kale, Ujiji ni jina la nchi, si la mji. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika ziwani Februari 1858, mahali waliposhukia waliandika Kawele. Waliofuata wanataja pia Ugoy, mtaa wa Waarabu, jirani na Kawele. Kwa hiyo ukienda maktaba ukatafuta "mji wa Ujiji" kwenye habari za miaka ile, utapata machache na utakata tamaa bure. Tafuta Kawele. Tafuta Ugoy. Hivyo vijiji viwili ndivyo vilivyokuja kumezwa na jina kubwa.

Burton alikuwa mtu wa kejeli na dharau, lakini jicho lake lilikuwa kali. Anaeleza soko lenyewe kuwa kiwanja kilichoinuka kidogo karibu na ufuko, kimefyekwa nyasi, kina mti uliopinda pembeni. Watu walikusanyika hapo kuanzia kama saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, hali ya hewa ikiruhusu. Basi, hakuna zaidi. Hapakuwa na jengo, ukuta wala lango. Ndiyo maana nasema usitafute magofu, mwalimu. Kiwanja kilichofyekwa kikiachwa masika mawili, nyasi zinakirudisha porini kana kwamba hakuna aliyewahi kukanyaga.

Bidhaa zake, hata hivyo, ungezijua leo hii ukizitia machoni. Samaki na dagaa, mawese, muhogo, mbuzi. Chumvi ya Uvinza ilifika kwa vichwa vya watu. Vitu vya chuma vilivuka ziwa kwa mitumbwi. Kulikuwa na pembe za ndovu, na kulikuwa na watu wanaouzwa. Hilo la mwisho nitalirudia, kwa sababu lina sehemu yake katika sababu za soko hili kusahaulika.

Fedha ya pale ilikuwa shanga zinazoitwa sofi. Mgeni aliyeingia na majora ya nguo kutoka Unyanyembe, huko Tabora, hakuweza kwenda moja kwa moja kwa muuza samaki. Ilimbidi kwanza awaone wabadilishaji wa asubuhi, awape nguo, wampe sofi, ndipo aanze manunuzi, kama leo unavyomtafuta wakala wa simu kabla ya kwenda gengeni. Sofi si ushanga wa duara kama wa shingoni. Ni kijitu kifupi kama kipande cha bomba la kiko lililovunjika, kina tundu katikati, kinatungwa kwenye uzi na nyuzi zinahesabiwa.

Nimewahi kushika moja. Miaka mingi iliyopita nilipanga chumba Ujiji wakati wa masika. Asubuhi moja baada ya mvua kubwa ya usiku, kijana wa nyumba ya pili akaniletea kitu alichookota kwenye mfereji uliochimbwa na maji katikati ya nyumba. Alijua mimi ni "yule mzee wa vitu vya kale", kwa hiyo kila kigae kilikuja mlangoni kwangu. Nilidhani ni kipande cha kalamu. Nikakiosha kwenye kikombe. Mchanga ukatoka tunduni kidogo kidogo, mweupe, laini, mchanga wa ziwa kabisa, nasi tulikuwa mbali na ufuko kiasi kwamba hata mlio wa mawimbi hausikiki. Ushanga mmoja hauthibitishi soko. Ungeweza kuanguka kutoka kwa mtu yeyote, siku yoyote. Lakini ule mchanga ulinikosesha usingizi kuliko ushanga wenyewe. Ulikuwa umefikaje pale?

Sasa njoo kwa Stanley. Yeye alifika Ujiji mara mbili, na faida yake kwetu iko katika hiyo mara mbili. Safari ya kwanza ndiyo ile inayoimbwa, ya kumkuta Livingstone, Novemba 10, 1871 kwa tarehe aliyoiandika mwenyewe. (Wenye subira ya kubishana juu ya tarehe hiyo wapo, maana kalenda ya Livingstone na ya Stanley hazikupatana. Mimi siingii.) Mara ya pili ni Mei 1876. Aliporudi akashangaa. Anasema mitende mitatu iliyokuwa imesimama sokoni mwaka 1871 sasa iko ndani ya ziwa, kama futi 100 kutoka ukingoni, yaani mita 30 hivi. Na ufuko wa mchanga ambao yeye na Livingstone walikuwa wakitembea asubuhi ulikuwa zaidi ya futi 200 ndani ya maji, mita 60 na ushei. Hakusema mitende ya aina gani. Kwa Ujiji, mimi nasoma michikichi.

Stanley alikuwa mtu wa kujikuza, na mengi aliyoyaandika juu yake mwenyewe na juu ya watu wetu nayapima kwa mizani mara mbili. Lakini miti mitatu sokoni haimwongezei sifa wala haimpunguzii. Aliisema kwa sababu ilimshangaza. Ushahidi wa namna hiyo, unaompita msemaji pembeni bila kumnufaisha, ndio ninaouamini kwanza.

Kwa hiyo bibi yako yuko sahihi, na tuna shahidi wa macho: kati ya 1871 na 1876 soko lilianza kuingiwa na maji.

Hebu tupige hesabu ndogo ili upate picha ambayo watoto wataielewa. Ufuko wa Ujiji ni wa mteremko mpole. Tuseme, kwa mfano tu, kila ukienda mita 50 unapanda mita 1. Kwa mteremko huo, mti ulio mita 30 ndani ya maji umesimama kwenye maji ya sentimita 60, maji ya mapajani. Na ule ufuko wa matembezi ungekuwa chini ya maji ya mita 1.2, kifuani kwa mtu mzima. Kuzama kwa soko, basi, hakukuwa gharika ya usiku mmoja. Mwaka huu maji yanalowesha mikeka ya wauza dagaa, mwakani wanasogea hatua ishirini juu, mwaka unaofuata wanasogea tena. Soko lilirudi nyuma kinyumenyume huku likiendelea kuuza. Neno la bibi yako, "lilimezwa", ni neno zuri, ila lilimezwa polepole kama mtu anayekula muwa.

Maji yale yalitoka wapi? Hapa inabidi tuvuke ziwa mpaka upande wa Kongo, kwenye mto Lukuga, karibu na mji unaoitwa sasa Kalemie. Ziwa Tanganyika linaingiwa na mito mingi, Malagarasi na Rusizi ikiwemo, lakini lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni huo Lukuga. Maji mengi ya ziwa hayaondoki hata kwa mlango huo. Yanaondoka kwa jua, yanapanda kuwa mvuke. Sasa, ikitokea miaka mingi ya mvua haba, ziwa linashuka chini ya kizingiti cha Lukuga, mto unakauka pale mdomoni, na mchanga, tope na matete vinajenga kizibo. Mvua nzuri ikirudi, ziwa linajaa kama beseni lililozibwa tundu. Linapanda na kupanda mpaka lipite juu ya kizibo, na likishapita, linakikata.

Cameron, Mwingereza aliyefika Ujiji mwanzoni mwa 1874, alizunguka kwa mtumbwi akaufikia Lukuga Mei mwaka huo, akakuta umezibwa na majani. Stanley akaenda kuutazama 1876, akakuta kinamasi, akabisha kama kweli ule ni mto unaotoka. Nao wote wawili walikuwa wakitazama kizibo kilekile kabla hakijapasuka. Kilipasuka mwaka 1878. Hore, mmisionari na baharia wa London Missionary Society aliyefika Ujiji mwaka huohuo, alikwenda Lukuga 1879 akakuta mkondo wa nguvu unakimbilia magharibi. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, aliuona pia mwishoni mwa mwaka huo. Hore alikuwa baharia kwelikweli, alipima kina cha maji na kuandika mabadiliko, na habari zake ni mali safi kwa mtu anayeuliza swali kama lako.

Baada ya hapo ziwa likashuka kama mita 10 kwa muda wa miaka kama 15 hivi. Rudi kwenye hesabu yetu ya mteremko: maji yakishuka mita 10, ufuko unasogea mita 500. Nusu kilomita! Mtoto aliyezaliwa Kawele 1870 alizaliwa ziwa linapanda, akapata akili wakati michikichi ya sokoni iko majini, na alipooa, mahali hapo pakawa shamba. Huyo angeweza kumwambia mjukuu wake kwamba ziwa lilikuja, na jioni yake akamwambia kwamba ziwa liliondoka, asikosee hata mara moja.

Si Ujiji peke yake iliyoachwa hivyo. Nenda Karema, kusini huko, upande wa Mpanda. Wabelgiji walianzisha ngome pale 1879 karibu na maji, ziwa lilipokuwa ndiyo kwanza limeanza kushuka, na wakaishi kuona maji yakiwakimbia. Leo ukisimama mahali hapo na kulitafuta ziwa, inabidi utazame mbali. Wavuvi wa Karema wangekuelewa swali lako mara moja.

Lakini nikutahadharishe juu ya jambo moja kuhusu bibi yako, kwa heshima zote. Ziwa limepanda zaidi ya mara moja. Baada ya zile mvua kubwa za 1961 na 1962 lilipanda tena, likafika kileleni 1964, na wazee wa mwambao wanaokumbuka wapo. Miaka hii ya 2020 limepanda tena na kuvunja nyumba za watu na kufunika mialo. Kwa hiyo kumbukumbu ya mzee mmoja inaweza kuunganisha mafuriko mawili kuwa moja. Jiulize: bibi alisema aliona, au alisema aliambiwa? Kama alikuwa akisema "sisi tulihamisha vyombo", basi huenda ni 1964. Kama alikuwa akisema "wazee walituambia", na akataja misafara, basi uzi huo unafika kwenye miaka ya 1870. Kwa jinsi ulivyoandika, mimi naegemea la pili.

Kwa nini basi hakuna ramani inayoonyesha soko? Ramani zipo, ila zimechelewa. Wajerumani walianzisha kituo chao cha serikali Ujiji mwaka 1896. Wakati huo ziwa lilikwisha shuka karibu lote la kushuka, na ufuko walioupima si ule wa Livingstone, seuze wa Burton. Nimewaona watu wazima, wenye shahada zao, wakichukua ramani ya Kijerumani, wanapima hatua kutoka ufuko wa kwenye ramani, wanachomeka kijiti na kusema "soko lilikuwa hapa". Ramani haikudanganya, wao wameiuliza habari za mwaka ambao haikuwepo. Halafu 1914 reli ya kati ikafika ziwani, na haikuja Ujiji. Ilikwenda Kigoma, penye ghuba yenye kina cha kupokea meli. Ujiji yenye ufuko mpole na maji ya kina kifupi ikaachwa na bandari kama ilivyoachwa na ziwa. Kuanzia hapo wapimaji na wapiga picha wakageuza nyuso kuelekea Kigoma.

Mwembe, kwa upande wake, ulipata bahati. Ule wa asili ulikufa zamani. Iliyopo inasemekana ni uzao wake, iliyopandikizwa kutokana nao. Waingereza wakajenga jiwe la kumbukumbu lenye ramani ya Afrika, na tangu hapo kila mgeni anajua aende wapi. Hebu fikiri kidogo juu ya chaguo hilo. Wazungu wawili kusalimiana chini ya mti kumewekewa jiwe. Maelfu ya watu waliokuja pale kununua chumvi, kuuza mawese, kubadilisha nguo kwa sofi, na waliofikishwa pale wakiwa wamefungwa shingo, hawakuwekewa hata kijiti. Hiyo si ajali ya kumbukumbu. Aliyekuwa na saruji ndiye aliyechagua.

Lakini tusimtupie mkoloni lawama yote. Sisi wenyewe tulinyamaza. Ujiji ni mji uliochanganyika: Wajiji na Waha wenye nchi, Wamanyema waliokuja kutoka ng'ambo wengine kwa hiari na wengine kwa kamba, Wabwari, Wagoma, Waswahili wa pwani, Waarabu. Kizazi cha wanunuzi na kizazi cha walionunuliwa wameoana, wamezikana, wanasali safu moja. Ukiingia kwenye baraza ya wazee ukauliza "soko la watumwa lilikuwa wapi?", utapewa kahawa, utapewa kashata, na utaulizwa habari za nyumbani kwenu. Jibu hutapata. Nilijifunza hili kwa aibu, siku ya kwanza tu ya utafiti wangu, na mzee aliyenisindikiza mpaka njiani aliniambia taratibu, "Mwanangu, unamuuliza mtu babu yake alikuwa nani, mbele ya watu?"

Tangu siku hiyo nauliza mambo mengine. Nyanya zenu walichota maji wapi? Walikuwa wanakata njia ipi kwenda kufua? Kiwanja hiki kabla ya nyumba kilikuwa shamba la nani, na kilikuwa kikavu au cha tope? Mliochimba choo mlikutana na nini? Swali la choo ni dhahabu, mwalimu, usilionee haya. Fundi wa kuchimba vyoo anaijua ardhi ya Ujiji kuliko mimi. Atakuambia kwamba mahali fulani unapita udongo mwekundu mpaka chini, na mahali pengine, mita moja tu, unakuta mchanga mweupe wa ziwa wenye makombe ya konokono. Chora nyumba hizo kwenye daftari: hapa mchanga, hapa udongo. Ukishapata ishirini au thelathini, mstari utaanza kujionyesha wenyewe. Huo ni ufuko wa zamani.

Na sasa mahali penyewe. Soko la 1858 na 1871 lilikuwa karibu na maji, juu kidogo ya ufuko wa miaka hiyo. Maji ya 1878 yalipanda juu yake. Maji ya leo, hata yakiwa mengi, yako chini yake. Kwa hiyo soko limekaa katikati ya mistari miwili: chini ya mstari wa 1878, juu ya ufuko wa sasa. Lote ni ukanda ulio kati ya pale kwenye kumbukumbu na ziwani, na si katika nusu ya chini ya ukanda huo, maana ile ilikuwa chini ya maji hata enzi za Burton. Kosa la watu wote ni kulitafuta kwa hatua. Lazima litafutwe kwa kimo.

Simu yako ina kipima kimo, najua. Usiitumie, inaweza kukosea kwa mita nyingi, na hapa tunagombania mita mbili tatu. Tafuta fundi ujenzi na mpira wake wa maji, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga ambao mafundi wanautumia kusawazisha msingi. Maji ndani ya mpira hayana chama: ncha mbili zitasimama usawa mmoja hata kama katikati kuna kichuguu. Anzia kwenye uso wa ziwa. Mtoto mmoja ashike ncha moja na mti wenye alama za sentimita, mwingine apande na ncha ya pili mpaka mpira uishe, wasome tofauti, waandike, wahame. Kituo kwa kituo, mpaka kwenye kumbukumbu. Siku hiyohiyo mtu apige simu bandarini Kigoma kuulizia usomaji wa kipimo cha maji, ili ujue ziwa la siku yako limesimama wapi ukililinganisha na miaka mingine. Hilo ni somo la hisabati, jiografia na historia, na gharama yake ni soda ya fundi.

Mkifika kwenye kimo kinachoelekea, msichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba kutafuta vitu vya kale bila kibali, nayo ni sheria nzuri. Tembeeni tu kwenye mifereji baada ya mvua. Mtoto akiona ushanga au kigae chenye rangi, kiachwe hapohapo kipigwe picha pamoja na rula, mwandike mahali, na habari ipelekwe kwa watu wa mambo ya kale. Kitu kilichookotwa bila kuandikiwa mahali pake ni pambo tu. Ule ushanga wangu wa miaka ile ni pambo. Sikuandika ni mfereji upi, na nyumba zimejengwa.

Ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo, Nyaraka za Taifa ziko Dar es Salaam, na kitabu cha wilaya cha Kigoma cha wakati wa Waingereza kinafaa kusomwa chote, hata kurasa za kuchosha. Jiandae kwa subira. Ofisi moja niliyowahi kuitembelea kwa sababu ya faili ya viwanja iliniambia "njoo kesho" kwa majuma mawili, na faili ilipoonekana mchwa walikuwa wameshaisoma kabla yangu. Mapadre wa shirika la White Fathers waliofika Ujiji mwanzoni mwa 1879 walikuwa na desturi ya kuandika shajara kila siku, nazo zimehifadhiwa Roma. Zimeandikwa kwa Kifaransa, kwa hiyo tafuta rafiki.

Ila kwa darasa la tano, mpira wa fundi unatosha. Mwambie aje mapema, saa kumi na mbili na nusu isipite. Upepo ukishaamka, mawimbi yanaanza kupanda na kushuka ufukoni, na ile namba ya kwanza kabisa, ya uso wa maji, haisomeki tena.